Kipanya cha Ugenini na Somo la Upatanisho



Neno kipanya lilipoanza kutumiwa kwa kile kifaa cha mezani kinachoongoza kishale katika kioo cha kompyuta, baadhi ya walimu wenzangu walilicheka. Wako waliopendelea puku, wako waliosema tungoje wataalamu, na vijana hawakumngoja mtu: walisema mausi, wakaendelea na kazi zao. Mimi nilibaki na kipanya kwa sababu moja ya kisarufi. Kiambishi ki- kimemtoa mnyama katika ngeli ya viumbe na kumtia katika ngeli ya vyombo. "Panya wangu amekufa" ni habari ya mtego na shimo la ukutani. "Kipanya changu kimekufa" ni habari ya fundi. Msikilizaji hahitaji kuuliza ni kipi tunachokizungumza, maana jina, kimilikishi na kitenzi vyote vimekubaliana, na katika kukubaliana kwao ndimo maana imekaa.

Kukubaliana huko ndiko tunakokuita upatanisho wa kisarufi. Nilikifundisha kipengele hicho kwa miaka 33 katika shule za sekondari, na kabla ya hapo nilikifundishwa katika chuo cha ualimu na mkufunzi aliyekuwa akitupigia rula mezani kila tulipopatanisha vibaya. Hata hivyo, mfano ulio bora kuliko yote niliyowahi kuandika ubaoni nimeupata baada ya kustaafu, kwa kuunganisha kipanya cha kompyuta ya aina moja na kompyuta kuukuu ya aina nyingine. Naomba mnivumilie nieleze, kwa sababu mwisho wa maelezo haya umo ubeti mmoja wa utenzi, na katika ubeti huo imo herufi moja iliyoninyima usingizi.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, aliondoka Tanga mwaka 1984 akiwa baharia, akashukia Hamburg na kubaki huko. Kwa miaka minne aliandika barua. Kisha zikakatika. Kwa muda wa miaka minane hatukupata mstari wake hata mmoja, na watu wakasema waliyoyasema: kwamba amelewa Ulaya, kwamba amemsahau mama aliyemzaa. Mama hakukubali. Alishikilia kwamba mwanawe huandika, ila barua zake hupotea njiani. Alilisema neno hilo arusini, matangani na barazani, mpaka wasemaji wakachoka kabla yake. Baadaye simu zilipoenea kaka alirejea kwetu kwa sauti, akaja hata kututembelea mara mbili, lakini juu ya miaka ile minane hakufungua kinywa, wala Mama hakumdai maelezo.

Alifariki mwaka 2019. Mwaka uliofuata shemeji yangu, mjane wake, alituma sanduku. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ya nyumbani aina ya Amiga 500, rangi ya maziwa yaliyochacha, kibodi na mashine vikiwa kitu kimoja. Palikuwa na kisanduku kizito cha umeme na disketi 11. Juu ya disketi tatu kaka alikuwa ameandika kwa mkono wake: Tenzi.

Hapo msomaji kijana atauliza kwa nini sikuzipeleka disketi hizo kwa mtu mwenye kompyuta ya kawaida. Zina umbo lile lile la inchi tatu na nusu, na huingia vizuri katika tundu la kompyuta nyingine. Kuingia huingia, lakini hazisomeki. Amiga hupanga maandishi yake katika disketi kwa utaratibu wa peke yake, kilobaiti 880 kwa disketi moja, na kiendeshi cha kawaida cha kompyuta za ofisini huiona disketi hiyo kama karatasi iliyochafuliwa. Ilibidi tuiamshe mashine yenyewe.

Umeme haukutusumbua. Ujerumani na Tanzania hutumia umeme unaokaribiana kwa nguvu na ulio sawa kwa mzunguko wake. Kilichotofautiana ni plagi tu: yao ina pini mbili za mviringo, yetu ina pini tatu bapa. Adapta ya dukani ilimaliza kazi. Picha nayo tuliipata kwa waya mmoja uliotoka nyuma ya mashine hadi kwenye televisheni yetu ya zamani. Tundu hilo hutoa picha isiyo na rangi, lakini utenzi hauhitaji rangi. Tulipowasha, ukatokea mchoro wa mkono ulioshika disketi, na kiendeshi kikawa kinalia ta, ta, ta, kama mtu anayegonga meza akisubiri ahudumiwe.

Kilichokosekana ni kipanya. Hakikuwamo sandukuni, na kwa mjane hakikuonekana. Zipo njia za kusogeza kishale cha Amiga kwa vitufe vya kibodi, lakini vitufe vya mishale katika mashine ile vilikuwa vimekufa. Bila kipanya tuliweza kuziona picha ndogo za disketi katika kioo, na hatukuweza kuifungua hata moja. Ilikuwa kama kusimama dirishani mwa nyumba uliyofungiwa nje.

Binti wa kaka yangu, ambaye huniita shangazi na ambaye naye anaishi Hamburg, alikwenda katika soko la vitu vilivyotumika. Kipanya cha Amiga hakukipata. Alipata kipanya cha Atari ST, kompyuta iliyokuwa mshindani wa Amiga katika miaka ile. Aliitazama plagi yake, akailinganisha na picha ya tundu niliyompelekea, akahesabu matundu tisa, matano juu na manne chini. "Shangazi, inaingia," akaniandikia, akakituma.

Inaingia kwa sababu ya ukoo. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ilitoa mashine ya michezo ya televisheni iliyokuwa na kijiti cha kuongozea chenye plagi ya matundu tisa. Plagi hiyo ilikuwa rahisi na imara, na kompyuta nyingi za nyumbani zilizofuata ziliirithi, pamoja na Commodore 64 ya mwaka 1982. Kisha watu wakapishana. Jay Miner, mhandisi aliyeongoza usanifu wa saketi za mashine ile ya Atari, aliondoka akaenda kuibuni Amiga, na mwaka 1984 kampuni ya Amiga ikanunuliwa na Commodore. Mwaka huo huo Jack Tramiel, mwanzilishi wa Commodore, alikuwa ameondoka katika kampuni yake mwenyewe, akainunua sehemu ya Atari iliyotengeneza kompyuta za nyumbani. Mtu wa huku akawa kule, na wa kule akawa huku. Mwaka 1985 Atari ST na Amiga ya kwanza zilitoka zikiwa mahasimu, nazo zote mbili zimerithi plagi ya babu mmoja. Amiga 500, ile aliyokuwa nayo kaka, ilifuata mwaka 1987.

Nilikibeba kipanya na mashine nikaenda Ngamiani kwa fundi wa redio ambaye nilimfundisha Kiswahili kidato cha pili. Hakukichomeka mara moja. Alitoa mita yake akasema, "Mwalimu, plagi kufanana si hoja. Tujue kwanza umeme unapita wapi." Alipima, akaona kwamba njia za umeme ni zile zile: pini ya 7 huleta volti tano na pini ya 8 ndiyo njia ya kurudia. Njia za kubonyeza nazo ni zile zile: pini ya 6 kwa kitufe cha kushoto, ya 9 kwa cha kulia. Basi akaizima mashine, akachomeka, akaiwasha tena. Kuchomeka kipanya cha aina hii mashine ikiwa inawaka ni kuhatarisha saketi, na fundi mzuri hafanyi hivyo.

Vitufe vilifanya kazi. Kishale kilikuwapo. Lakini nilipokivuta kipanya kwenda kulia, kishale hakikwenda kulia. Kilitetemeka mahali pake, nukta moja huku, nukta moja kule. Nilipokivuta kwenda juu, kilitetemeka vile vile. Kilikuwa hai, kilisikia kwamba kinaitwa, ila hakikuelewa kinaitwa kwenda wapi.

Fundi alikifungua kipanya, akanieleza kazi yake, na hapa ndipo somo langu lilipoanzia.

Chini ya kipanya cha zamani kuna mpira mdogo. Mpira ukizunguka huzungusha vijiti viwili: kimoja huhesabu mwendo wa kulia na kushoto, kingine huhesabu mwendo wa juu na chini. Mawazo hayo ya njia mbili zinazokutana kwa pembe mraba ni ya tangu kipanya cha kwanza kabisa, kile cha mbao kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na mwenzake Bill English huko Kalifonia mwaka 1964, ingawa chao kilikuwa na magurudumu mawili badala ya mpira. Mwishoni mwa kila kijiti kuna kigurudumu chenye nafasi nyingi ukingoni, na mbele yake taa ndogo isiyoonekana kwa macho. Kigurudumu kikizunguka, mwanga huo hupita na kukatika, hupita na kukatika. Kila kukatika ni hatua moja.

Lakini hatua ya kwenda wapi? Mwanga ukikatika mara kumi, unajua kwamba kijiti kimesogea hatua kumi, hujui kama kimekwenda mbele au kimerudi nyuma. Kwa hiyo kila kigurudumu huwekewa macho mawili, si moja, na macho hayo hupishana kidogo sana, robo ya nafasi tu.

Nilimwambia fundi kwamba jambo hilo nalijua: ni walinzi wawili wa zizi. Tuseme njia ya kuingia zizini ni nyembamba, na walinzi wawili wamekaa kando yake, wa kwanza upande wa nje, wa pili hatua moja ndani. Mbuzi akipita, kila mlinzi hupaza sauti. Ukisikia wa kwanza kisha wa pili, mbuzi ameingia. Ukisikia wa pili kisha wa kwanza, mbuzi ametoka. Mlinzi mmoja peke yake hawezi kukwambia lolote zaidi ya kwamba mbuzi yupo. Mwelekeo haumo katika sauti ya huyu wala ya yule. Umo katika uhusiano wa sauti mbili.

Fundi alicheka, akasema hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Kipanya kina vigurudumu viwili, kwa hiyo kina walinzi wanne, na kila mlinzi ana waya wake: pini ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4. Waundaji wa Amiga waliamua kwamba pini ya 1 na ya 3 ni walinzi wa zizi la juu na chini, na pini ya 2 na ya 4 ni walinzi wa zizi la kulia na kushoto. Waundaji wa Atari waliamua vingine: pini ya 1 na ya 2 ni za kulia na kushoto, na ya 3 na ya 4 ni za juu na chini. Walinzi ni wale wale wanne, kazi ni ile ile, sauti ni zile zile. Kilichobadilika ni nani ameketi na nani.

Sasa tazameni kilichotokea. Nilipokivuta kipanya cha Atari kwenda kulia, walinzi wa 1 na wa 2 walipaza sauti, kwa kuwa ndio jozi. Lakini Amiga ilimsikia wa 1 ikamgeukia wa 3 kutaka uthibitisho, na wa 3 akawa kimya, maana yeye yuko kwenye zizi jingine. Ikamsikia wa 2 ikamgeukia wa 4, naye kimya. Kila mlinzi alipopaza sauti, mashine ilihesabu hatua moja mbele. Alipopaza tena bila mwenzake kujibu, ilihesabu hatua moja nyuma. Mbuzi ameingia, mbuzi ametoka, mbuzi ameingia, mbuzi ametoka. Huko ndiko kutetemeka kwa kishale. Hakuna ishara iliyokuwa ya uongo. Zote zilikuwa za kweli, ila kila moja ilikuwa imetenganishwa na mwenzake.

Dawa ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa. Ukibadilishana pini ya 1 na ya 4 peke yake, walinzi wote wanne hurudi katika jozi zao. Fundi hakutaka kukikata kipanya, na hata mimi nisingemruhusu, kwa kuwa nacho ni kitu cha historia. Alichukua plagi mbili za pini tisa, dume na jike, akaziunganisha kwa kipande cha waya kisichofika shubiri mbili. Nyaya zote alizipeleka moja kwa moja, isipokuwa hizo mbili: ya 1 akailehemu kwa 4, ya 4 akailehemu kwa 1. Alipomaliza alikuwa ameunda mkalimani. Kipanya kilibaki kikisema lugha ya kwao, mashine ilibaki ikisikia lugha ya kwao, na kazi yote ya kuelewana ilifanywa na nyaya mbili zilizopishana.

Tulichomeka. Nikavuta kulia, kishale kikaenda kulia.

Wakati fundi anafungasha vyombo vyake nilikuwa nikifikiri juu ya neno leso. Mpe Mtanzania neno hilo, atakupa kitambaa cha kufutia jasho. Mpe mtu wa Mombasa, atakupa kanga. Neno liliingia pwani kutoka Kireno, na katika miji yote miwili lina umbo lile lile: silabi mbili, ngeli ile ile, leso yangu, leso zangu. Plagi inaingia bila kusukumwa. Maana ndiyo haikufuata umbo. Na kuna maneno ambayo hali yao ni kama ile ya umeme wa Ujerumani: kompyuta, tarakilishi, ngamizi. Plagi zake ni tatu tofauti kabisa, lakini kinachopita ndani ni kimoja. Tunapogombana juu ya istilahi, mara nyingi tunagombania plagi. Afadhali tungefanya kama fundi wa Ngamiani, tukatoa mita kwanza.

Siku ile ile jioni nilianza kuzifungua disketi nyumbani. Kati ya zile tatu zilizoandikwa Tenzi, moja ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa na barua za kikazi kwa Kijerumani. Ya tatu ilikuwa na utenzi mmoja, beti 41, haujakamilika. Tarehe ya faili haikutufaa kitu, kwa kuwa mashine ile haikuwa na saa yenye betri, lakini yaliyosemwa ndani yalionyesha wakati wake bila shaka yoyote. Ulikuwa utenzi wa ile miaka minane. Kaka alieleza alivyopoteza kazi melini, alivyokaa bila vibali, alivyoona haya kuandika nyumbani hali hana cha kutuma wala cha kusimulia. Nilinakili kwa mkono katika daftari, ubeti kwa ubeti, na ubeti wa pili ulisomeka hivi katika kioo:

Barua zangu ifike
Mikononi ishikike
Mama asikasirike
Kimya changu si dharau

Mwalimu hawezi kuupita mstari wa kwanza bila kalamu nyekundu. "Barua zangu ifike" haipatani. Ama ni "barua zangu zifike", ama ni "barua yangu ifike". Barua ni jina la ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki katika wingi, kwa hiyo jina lenyewe ni kama yule mlinzi mmoja: linakwambia barua ipo, halikwambii ni moja au ni nyingi. Mpaka kimilikishi na kitenzi viseme.

Na hapa vilikuwa vinapingana. Nilijua mara moja kwa nini ilikuwa lazima nijue ni kipi kilichosema kweli. Ikiwa kaka alikusudia "barua zangu zifike", basi aliandika nyingi, na Mama alikuwa amesema kweli kwa miaka yote: zilipotea njiani. Ikiwa alikusudia "barua yangu ifike", basi zile alizozitetea Mama mbele za watu hazikuwahi kuwapo.

Mizani haikunisaidia. Hesabuni wenyewe: "barua yangu ifike" ni mizani nane, na "barua zangu zifike" ni mizani nane. Vina navyo havikunisaidia, kwa kuwa -ke inabaki -ke katika hali zote mbili. Kanuni mbili za utenzi ambazo kwazo tumezoea kurekebisha makosa ya wanakili zilikaa kimya.

Jibu lilikuwa katika kibodi. Kaka alijifunza kupiga chapa hapa Tanga, katika mashine ya herufi za Kiingereza. Kibodi ya Kijerumani imezipanga herufi karibu sawa na ile, isipokuwa mbili zimebadilishana nafasi: pale vidole vyetu vinapotafuta Y kuna Z, na pale vinapotafuta Z kuna Y. Mahali pengi kosa hilo hujifichua lenyewe. Nyumba huwa nzumba, kazi huwa kayi, na katika utenzi wote nilikuta maneno mawili matatu ya namna hiyo. Lakini katika kimilikishi kosa halionekani, kwa kuwa yangu na zangu yote ni maneno halali ya Kiswahili. Kidole kikiteleza, barua moja huwa nyingi, na karatasi haionyeshi kovu.

Basi nilifanya walichonifundisha walinzi wa zizi. Sauti moja haitoshi, tafuta mwenzake. Kitenzi cha kwanza ni ifike. Kitenzi cha mstari wa pili ni ishikike. Katika vitenzi hivyo viwili kiambishi ni i-, na herufi i haina pacha katika kibodi ile ambaye ingeweza kuchanganywa naye. Ili kuandika zifike na zishikike, kaka angehitaji kupiga herufi nyingine, na kuzisahau mara mbili mfululizo si kuteleza kwa kidole. Vitenzi viwili vinakubaliana, kimilikishi peke yake kinapinga, na kimilikishi ndicho chenye herufi inayojulikana kwa kuteleza. Aliandika: barua yangu ifike. Ilikuwa moja.

Niliufunga utenzi, nikakaa kitambo. Mama ana miaka 88, akili zake timamu, masikio yake mazima. Ningeweza kumsomea mstari ule kama ulivyo katika kioo, "barua zangu", na asingekuwapo mtu duniani wa kunisuta. Hata kwa macho ningekuwa nimesema kweli, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Lakini nimewakosoa wanafunzi wengi mno katika upatanisho kuweza kumsomea mama yangu mstari ambao najua haupatani.

Nilimsomea "barua yangu ifike". Alinisimamisha.

"Moja?"

"Moja, Mama. Ndiyo hii."

Alinyamaza. Nilitarajia ataniuliza juu ya zile nyingine, zile za arusini na matangani. Hakuuliza. Alisema, "Soma polepole, usiruke." Nikasoma beti zote 41, na tulipofika pale utenzi ulipokatika, akataka nianze tena kutoka ubeti wa pili.

Ndipo nilipoelewa kwamba kaka hakuwa akizungumzia barua iliyopotea. Utenzi wenyewe ndio uliokuwa barua. Ni desturi ya watunzi wetu kuuombea waraka ufike, na yeye aliuombea wake, kisha hakuupeleka. Ulikaa zaidi ya miaka 20 katika kilobaiti 880 zisizosomeka mahali pengine, ukingoja mashine yake, kioo chetu, kipanya cha mahasimu na nyaya mbili zilizopishana.

Nina maombi mawili kwa wasomaji. La kwanza, mkirithi mashine kuukuu ya marehemu, msitupe waya wala plagi hata moja kabla ya kujua kazi yake, na msidhani kwamba kinachoingia ndicho kinachofaa, wala kwamba kisichoingia hakifai. La pili, mnaponakili tenzi za wazee kutoka katika karatasi au disketi, msirekebishe neno kwa sababu tu linakubaliwa na mizani na vina. Tafuteni upatanisho wake ubeti mzima, kiambishi kwa kiambishi, mpaka mpate ishara mbili zinazosema jambo moja.

Utenzi nimeukabidhi kwa binti wa kaka, naye ameomba aumalizie. Bado hajafika mbali. Kibodi yake ni ya Kijerumani, na juzi alinitumia ubeti wenye "nzota". Nilimrudishia na alama nyekundu, kama kawaida.